Mazishi Kwenye Kona ya Skrini

Kazi yangu ni kusifu chakula cha paka. Duka la mtandaoni ninaloliandikia liko ng'ambo, mimi niko Tassia, Nairobi, ghorofa ya tano, upande ambao jua halifiki kwa kuwa jengo la jirani limetuziba. Nimesifu samaki wa makopo mpaka nikimwona paka wa mtaani akipekua taka namhurumia, kisha nakumbuka kwamba yeye hana msimamizi.

Kinachonichosha si paka. Ni programu waliyoniwekea kwenye kompyuta nilipoajiriwa. Kila baada ya muda, saa usiyoijua, inapiga picha ya skrini yangu na kumpelekea msimamizi. Hulia tik, kamlio kadogo tu, lakini mwili wangu umekazoea vibaya. Hata nikiwa jikoni nakatakata sukumawiki, kijiko kikigonga sufuria nakaa wima kama niko darasani.

Nyanya yangu alipofariki niliomba ruhusa. Tulimwita susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao, na ndiye aliyenilea Shauri Moyo wakati mama alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kibaruani. Msimamizi alijibu kwa upole uliopita kiasi: pole kwa msiba, nenda ukazike, ila kazi hii atapewa mtu mwingine. Mama siku hizi ni mgonjwa na nyumba yote inanitegemea. Nilibaki.

Anti yangu, mdogo wake mama, aliahidi kunipigia simu ya video kutoka kaburini, huko Machakos. Siku yenyewe nilifungua ukurasa wa paka ukajaa skrini, na simu ya anti nikaibana kwenye kidirisha kidogo pembeni, chini kabisa. Nilijiambia kwamba kikiwa kidogo vile programu haitakiona. Ndivyo mtu aliyechoka anavyofikiri.

Niliona viatu vya waombolezaji. Niliona kidole gumba cha anti kikifunika nusu ya jeneza. Wao waliimba, mimi niliandika kuhusu minofu laini kwenye mchuzi. Halafu mzee aliyeshika kipaza sauti akauliza, "Wajukuu wote wameweka mchanga? Na yule wa Nairobi?"

Anti akainua simu juu ya shimo ili kila mtu anione. "Ako hapa! Ako job, lakini ako hapa. Sema kitu, mtoto wangu, nikuwekee mchanga."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yote yalipotea. Nilisema tu, "Susu, nimekuja," nikaangua kilio. Anti akachota mchanga kwa mkono wake mwingine, akautupa kwa niaba yangu.

Tik.

Kesho yake asubuhi msimamizi alinitumia ile picha ikiwa imezungushiwa mstari mwekundu. Aliandika kwamba mteja, yaani lile duka, hajaiona bado. Nikiifuta mwenyewe, muda wake utakatwa kwenye malipo yangu na mambo yataisha hapo. Nisipoifuta, hana la kunisaidia. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na hilo pia liliniudhi.

Niliifungua. Paka mnene wa rangi ya chungwa, ulimi nje, ameshika karibu skrini nzima. Kwenye kona, kaburi, na mkono wa anti hewani, mchanga ukimwagika. Chini yake, kwenye kiboksi kidogo zaidi, uso wangu wenye vidude vya kusikilizia masikioni, mdomo wazi. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa picha nzuri. Mpiga picha aliyekodiwa na ukoo alikuwa ameshatuma zake, wajukuu wamepangwa kwa kimo, na mimi simo hata moja. Humu tu ndimo nilimomzika susu.

Nilijiwekea nakala kwenye kompyuta yangu, nikamwonyesha mama. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ule mchanga. Kisha nikarudi kwenye programu kufuta ile ya kazini.

Kabla haijaifuta, programu iliniuliza kama nakubali kwamba muda huo hautahesabiwa, kwa kuwa sikuwa kazini.

Nilikubali. Sikuwa kazini. Nilikuwa mazishini.