Alichojutia Kashindye

Anastazia Kashindye alikuwa mwanamke wa kusema kweli hata pale ambapo uongo kidogo tu ungempunguzia taabu. Watu wa Kirumba, mjini Mwanza, walimpenda kwa hilo, na wengine walimkwepa kwa hilo hilo. Ukimwuliza mbele ya wageni kama mchuzi wako una chumvi ya kutosha, atakwambia hauna.

Alikuwa mjane. Mume wake, Nkwabi, mpakiaji wa marobota ya pamba, alikufa kwa homa mwaka 1953 akamwachia nyumba ya vyumba viwili na binti mmoja, Tekla, ambaye baadaye aliolewa Buswelu. Asubuhi Kashindye alikaanga maandazi. Jioni, mara tatu kwa wiki, aliwafundisha akina mama katekisimu kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya kanisa. Aliuliza swali, wakaitikia jibu kwa pamoja, mpaka likakaa kichwani. Padri alisema hajapata mwalimu kama yeye, na alisema hivyo mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakilipwa kwa kazi hiyo.

Kusoma alikujua tangu utotoni, jambo ambalo kwa wanawake wa rika lake halikuwa la kawaida. Baba yake, Yeremia Shimba, alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti kule Buhongwa, na kwao hakubatizwa mtu mpaka asome sura nzima mbele ya wazee bila kudokezwa. Shimba mwenyewe alianza kujifunza herufi akiwa tayari ana ndevu. Alipofaulu, akamkalisha binti yake chini amfundishe, na kitabu kilikuwa Biblia, maana kingine hakikuwamo nyumbani. Mtoto akisoma haraka, alirudishwa mwanzo wa mstari.

Kisha Kashindye akapendwa na Nkwabi, Mkatoliki. Akajifunza upya dini aliyodhani anaijua. Aliambiwa kwamba kitabu cha baba yake hakina kibali cha askofu, na kwamba Mungu hakulitupa Neno lake uwanjani kila mtu ajiokotee na kulifasiri apendavyo. Alilikabidhi kwa Kanisa, nalo Kanisa ni mama anayemtafunia mtoto chakula kabla ya kumlisha. Kashindye aliamini. Wala hakuamini kwa ajili ya mume, kama baba yake alivyokuwa akisema. Siku alipopokea Komunyo ya kwanza alilia, na tangu siku hiyo hakuna Jumapili aliyoikosa kwa hiari yake.

Mzee Shimba hakuja harusini. "Wamekufumba macho, mwanangu," alimwambia, na kwa miaka kumi na saba hawakusemezana. Kifo cha Nkwabi ndicho kilichowapatanisha, ingawa hawakupatana sana.

Mwaka 1957 macho ya mzee mwenyewe yakafumbwa na upofu. Kashindye hakungoja kuombwa. Alikwenda Buhongwa, akamshika mkono, akamleta Kirumba. Mzee alikuja na fimbo, blanketi, na Biblia yake iliyoviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cha marekani.

Jioni ya kwanza, baada ya ugali na sato, aliifungua ile marekani kwa kupapasa, akamnyoshea binti yake kitabu.

"Nisomee, mwanangu."

"Baba, siruhusiwi."

Mzee alikirudisha kitabu mapajani. Kisha akasema, "Basi kiache hapa nikishike." Hakuomba tena, siku hiyo wala nyingine yoyote. Kashindye angefurahi kama angeomba, hata kwa ukali, maana ombi hujibiwa, lakini yule mzee alikaa tu, kitabu kimefungwa mapajani.

Mwanzoni wazee wa kanisa lake walikuja kila Jumamosi kumsomea. Mvua ziliponyesha mashamba yakawaita, na Buhongwa si karibu kwa miguu. Ndipo Kashindye akaenda kwa Padri Adriani kuomba ruhusa. Padri huyu alikuwa Mholanzi aliyekaa Usukumani miaka ishirini, akakisema Kisukuma mpaka wazee wakawa wanamtania kama ndugu yao. Alikuwa mtu mwema, na sheria aliishika kama mtu mwema anavyoishika, yaani bila kuilegeza hata kidogo.

"Nitawaandikia wakubwa wangu barua," alisema. "Mpaka jibu lije, usikisome. Mchukulie hiki." Akampa Injili za misheni, kitabu chembamba chenye kibali cha askofu ukurasa wa kwanza na maelezo kwa herufi ndogo chini ya kila ukurasa. "Na maelezo usiyaruke."

Kashindye hakuyaruka. Alisoma Injili kwa sauti, akafika chini ya ukurasa, akaendelea moja kwa moja na maelezo, kama alivyowafundisha akina mama. Mzee akainua kidole.

"Hapo anasema nani? Ni Yesu au ni padri?"

"Ni maelezo, Baba. Kanisa linafafanua."

"Yesu alisema neno moja, huyu anasema kumi. Yaache hayo."

"Nimeambiwa nisiyaache."

"Na mimi niliyekufundisha kusoma nakuambia yaache."

Waligombana kwa adabu, lakini waligombana. Kila usiku mmoja alishika lake na hakuna aliyeshinda. Mzee akachoka, akasema Injili amesikia, lakini moyo wake unataka Zaburi, nazo kwenye kile kitabu chembamba hazikuwamo. Baada ya mwezi jibu la barua likaja: hapana. Mwalimu wa wengine, iliandikwa, asiwe wa kwanza kuwachanganya.

Msaada ulitoka mahali ambapo wala padri wala mchungaji hakupafikiria. Nyumba ya pili ilikuwa ya fundi Salum Mbaruku, Mwislamu wa mjini hapo, mshoni wa kanzu na kaptula. Kashindye alimweleza shida yake kwenye uzio, akamwuliza kama anaweza kumsomea mzee, maana yeye Salum, Mwislamu, padri hawezi kumkataza.

Salum alifikiri. "Zaburi ya Nabii Daudi? Hiyo ni katika vitabu tunavyoviamini, Mama Tekla. Ngoja kwanza nitawadhe."

Akaja mikono bado ina maji, akaamkia, "Shikamoo, Mzee Shimba," akaketi. Lakini Salum alisoma chuo cha Kurani, kwa Kiarabu. Herufi za Kizungu alijifunza ukubwani kwa kusoma vibandiko vya majora ya nguo. Alisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Mzee, ambaye kwa miaka thelathini alitamani Mwislamu mmoja tu afungue Biblia mbele yake, sasa alimpata na hakuwa na nafasi ya kumhubiria, kwa kuwa alikuwa anamsaidia kupita maneno marefu. Kashindye alikaa kizingitini akichambua mchele. Salum akikwama, alimtazama yeye. Midomo ya Kashindye ilijua neno, nayo ikabaki imefungwa. Ilimuuma kuliko alivyoweza kusema. Sauti ambayo baba yake aliifundisha mwenyewe ilikuwa hatua tatu kutoka masikioni mwake, na yeye alikuwa akiokota mawe kwenye mchele.

Ikaenda hivyo miezi. Mwanzoni mwa 1958 mzee akaanguka kitandani, kifua kikimbana. Wiki hiyo hiyo Salum alikuwa amekwenda Ukerewe kwenye msiba wa shemeji yake. Siku ya tatu, saa tisa mchana, mzee alipapasa kandoni, akakiweka kitabu kifuani, mikono yote miwili juu yake. Pumzi yake ilikuwa ikitoka kwa kukatika.

Kashindye alisimama pale akamfikiria padri, akazifikiria Jumapili zake zote. Kisha akaiinua ile mikono, akakichukua kitabu, akakaa kitandani na kuanza kusoma.

Alisoma Zaburi sita. Alisoma polepole, na kila neno alilimaliza kabla ya kuligusa jingine. Ile ya mwisho ilikuwa ya mtu anayemlilia Mungu kutoka vilindini. Mzee alitabasamu akiwa amefumba macho yake yasiyoona.

"Nilidhani umesahau kusoma polepole," alisema.

Alikufa kesho yake asubuhi. Walimzika Buhongwa kwa nyimbo za kanisa lake, na Kashindye alisimama kati ya wafiwa mdomo umefungwa, maana hata kuimba nao hakuruhusiwa. Kabla ya Jumapili akaenda kwenye kitubio, kuungama.

"Nilisoma Biblia niliyokatazwa, Padri. Zaburi sita."

"Unajutia?"

Mwanamke mwingine hapo angesema ndiyo, akapewa malipizi yake, akaenda kukaanga maandazi. Kashindye hakuwa mwanamke mwingine.

"Kuvunja neno lako kunaniuma, Padri. Kusoma sijutii. Baba angekuwa hai leo, ningemsomea tena."

Padri Adriani aliusogelea wavu uliowatenganisha. "Unajua siwezi kukuondolea dhambi usiyoijutia."

"Najua. Jibu hilo ndilo ninalowafundisha akina mama."

"Nenda ukafikiri. Urudi wiki ijayo."

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na kabla ya Pasaka. Jibu lilikuwa lile lile. Darasa la katekisimu akapewa mtu mwingine. Jumapili alikwenda Misa kama kawaida, na wenzake walipoinuka kwenda kukomunika, yeye, asiyeondolewa dhambi, alisogeza magoti wapite. Mjane asipokomunika, majirani hawahangaiki kutafuta sababu. Wanayo tayari, na ina suruali. Kashindye aliwaacha waseme. Njaa ya Komunyo ndiyo iliyomtesa, na hiyo hakuna aliyeiona. Salum alipojua, alichukia kweli kweli. "Mwambie Padri ni mimi niliyesoma!" alisema. Kashindye akamshukuru, akamwambia haiwezekani, kwa sababu hakuwa yeye.

Ikapita miaka mitatu na zaidi. Novemba 1961 mji ulikuwa ukipaka chokaa kuta zake kuusubiri Uhuru, na cherehani ya Salum ilishona bendera mchana kutwa. Alasiri moja Padri Adriani akaja kwa Kashindye na baiskeli. Alikuwa amekonda. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na wakubwa wake walikuwa wakimrudisha Ulaya, naye alijua hatakuja tena. Kashindye akapiga goti kumsalimia, akamletea kiti na maji.

"Kile kitabu cha baba yako unacho?"

"Ninacho. Sijakifungua tangu siku ile."

"Ulimsomea Zaburi ipi mwishoni?"

Akamtajia.

"Nisomee."

Kashindye alimtazama usoni. "Ni amri, Padri?"

"Ni ombi," alisema.

Akakitoa kwenye marekani, akasoma polepole. Padri aliinamisha kichwa, na mara midomo yake ikaanza kwenda pamoja naye kwa Kilatini, maana ndiyo Zaburi aliyoisali juu ya makaburi ya watu wa Mwanza tangu alipokuja. Aliijua kuliko jina la mama yake, lakini kusomewa hakuwahi. Ilipokwisha, aliinua kichwa.

Kisha akatoa mfukoni stola, ule utepe padri anaouvaa akiungamisha, akaibusu, akaivaa shingoni.

"Miaka ile nilikuuliza kama unajutia kusoma," alisema. "Leo sikuulizi hilo. Niambie tu, Anastazia, katika habari ya baba yako unajutia nini?"

Kashindye alikirudisha kitabu kwenye marekani. Nje cherehani ya Salum ilikwenda, ikanyamaza, ikaenda tena. Alipiga magoti sakafuni.

"Baba alikaa kwangu miezi kumi na mmoja," alisema, na sauti yake ikavunjika. "Nilimsomea mchana mmoja. Nilimwacha akae na kitabu kilichofungwa, na mimi nipo hapo, na kusoma najua. Hilo ndilo ninalojutia, Padri. Hilo nalijutia kila siku."

Padri Adriani alikuwa akilia naye. Akainua mkono wake juu ya kichwa cha Kashindye, akaanza maneno ya ondoleo la dhambi.