Fundi Asiyegusa Kipanya

Fundi wa kompyuta wa hospitali hamnyang'anyi mtu kipanya. Huvuta kiti, akafumbata mikono, akasema, "Haya, shangazi, sogeza taratibu nione." Asubuhi hiyo karani wa wodi ya wazazi alikuwa roho mkononi: tangu mfumo usasishwe, mshale wa kipanya ulirukaruka kama panzi kwenye skrini, na daktari alisubiri faili la mjamzito anayeingizwa chumba cha upasuaji.

"Fanya wewe, mwanangu!"

"Tatizo likirudi kesho nami sipo, je? Bonyeza hapo kwenye mipangilio."

Kwa sauti ya chini alimwongoza, wakaiondoa programu mpya ya kipanya, wakairudisha ya zamani. Mshale ukatulia. Karani akafungua faili, akamsomea daktari kundi la damu kwa simu. Fundi, kumbe naye roho mkononi muda wote, akaomba maji, akayagugumia glasi nzima bila kupumua.