Anunua Karanga Apate Kumaliza Kitabu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mlima umejifunua wote, na baridi yake bado inatembea katika mtaa ulio nyuma ya soko la Moshi. Damian Ruhuza amechuchumaa mbele ya gunia la kahawa lililotandikwa chini. Juu yake kuna vitabu vikuukuu, hamsini hivi, vingine havina majalada. Anachukua kimoja. Hatazami jina lake, anafungua mwisho kwanza.

"Hiki kimechanwa," anasema.

"Shimbonyi, meku," muuza vitabu, Thadeus, anamsalimia kwa Kichagga, akimwita mzee, huku akicheka. "Hata salamu hakuna leo?"

"Shicha," anajibu Damian. Ameishi Kilimanjaro miaka ishirini na mmoja, na Kichagga chake kinaishia hapo.

Damian ana umri wa miaka hamsini. Ni mkata miwa katika mashamba yaliyo kusini mwa mji. Kila Jumamosi ya mapumziko hupanda lori alfajiri ili awahi kabla ya wauza karanga. Mwaka huu wa 1982 karatasi ni adimu kama sabuni, adimu kama hiyo sukari anayoikatia miwa, na wauza karanga hununua vitabu kwa mafungu wapate cha kufungia.

"Wao wanapima unene," ananiambia mimi niliyekuja kuandika habari zake. "Mimi natafuta hadithi."

Leo amechelewa. Kitabu alichoshika kinahusu mchungaji aliyepoteza ng'ombe wa kijiji kizima. Thadeus anakiri kwamba kurasa za mwisho amemuuzia Kornelia, mama wa Kirua Vunjo anayeuza karanga kwenye kona. Anamwachia kilichobaki kwa shilingi tatu.

Damian anakwenda kwenye kona. Kornelia amekwisha kuzikunja kurasa zile na kuzijaza karanga.

"Mama, naomba hizo karatasi."

"Nikikupa, baba, karanga nitafungia wapi? Kiganjani?"

Damian anainama juu ya ungo, anasoma namba za kurasa kwenye pakiti moja baada ya nyingine, kisha ananunua pakiti tisa. Karanga anazimimina ndani ya kofia. Karatasi anazinyoosha juu ya goti moja moja, na kuzipanga. Kuna moja haipo, ile yenye ukurasa wa 117.

"Hiyo nimeuza sasa hivi," anasema Kornelia, ambaye sasa anamwonea huruma. "Lakini niliisoma wakati nakunja. Ngoja nikwambie, yule mchungaji alipofika mtoni…"

"Hapana, mama. Tafadhali usinisimulie."

Anasema hivyo kwa ukali kidogo, kisha anaomba radhi. Tunakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, naye ananieleza sababu.

Damian alitoka Kasulu, Kigoma, mwaka 1961, akamwacha mkewe Redempta na binti yao wa miaka miwili, Anyesi. Alikusudia kukaa misimu miwili. Fedha zilikuwa zikiisha kabla ya nauli kupatikana, na mara ya mwisho kwenda nyumbani ilikuwa 1971.

Hakujua kusoma. Binti alipoanza shule, alikuwa akimwandikia kwa niaba ya mama yake, na barua zilisomwa na jirani yake katika kambi ya wakata miwa, aliyeitwa Filemon. Filemon huyohuyo ndiye aliyeandika majibu.

Mwaka 1973 ilikuja barua iliyosema kwamba mama anasalimu na mahindi yamestawi. Baada ya miezi mitatu ikaja nyingine: Redempta amefariki na amekwisha kuzikwa. Anyesi aliandika mara moja tu baada ya hapo, mistari minne, kisha kimya.

"Nilidhani ni huzuni ya mtoto," anasema Damian.

Mwaka 1975 alijiunga na darasa la elimu ya watu wazima kambini. Siku alipoweza kusoma sentensi nzima bila kukwama, alilifungua kopo la barua alilolihifadhi chini ya kitanda. Alianza na ile ya mahindi.

Mahindi yalikuwemo. Lakini chini yake binti alikuwa ameandika: Baba, mama hawezi kuamka. Kila siku anauliza utafika lini. Uje.

"Nilisoma mara nyingi nikidhani nimekosea herufi," anasema. "Mimi nilikuwa mwanafunzi tu."

Alikwenda kwa Filemon na barua mkononi. Filemon alilia. Alimwambia kwamba wiki ile barua ilipofika, Damian alikuwa amelazwa na malaria, hana nguvu hata za kukaa. "Nilisema nitakwambia ukipona," alimwambia. "Ulipopona nikaogopa."

Je, alimsamehe? Damian anatafuna karanga mbili tatu kabla ya kujibu.

"Nilimsamehe. Alistaafu akaenda kwao, na tuliagana vizuri. Ila tangu siku ile sitaki mtu anisomee wala anifupishie. Nikikuta karatasi imetoka kwenye kitabu, usingizi sipati."

Chumbani kwake kambini ana vitabu thelathini na saba. Wenzake wa kutoka kwao wamerudi makwao au wamekufa, na vijana wapya humwita Mwalimu, lakini hawaingii ndani. Jioni husoma kwa sauti. "Si kwa ajili ya mtu," anasema. "Ni ili kuwe na maneno mle ndani."

Mwaka jana mfanyakazi mmoja aliyetoka Kasulu alimweleza kwamba Anyesi ameolewa, ana mtoto, na huwaambia watu kwamba baba yake alikataa kuja kumzika mama.

Damian amemwandikia barua saba kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna iliyojibiwa. Kwa nini hakwenda miaka yote hii?

"Aibu. Barua haina uso."

Sasa ameomba likizo ya Julai na amekubaliwa. Kwa mshahara usiofika shilingi mia saba amekusanya nauli ya treni hadi Dar es Salaam, kisha ya reli ya kati hadi Kigoma. Hatatuma habari mapema.

Saa sita lori linapiga honi. Damian anaweka kurasa alizozipata ndani ya kitabu, anakifunga kwa kamba ya katani, na anaondoka bila ile ya 117. Namfuata hadi kwenye lori, namuuliza: akifika, na Anyesi asimfungulie mlango?

Anapanda kwanza, anashika ubao wa lori, ananitazama kutoka juu.

"Nitakaa uani mpaka atoke kuteka maji. Nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Halafu hata akinifukuza, atakuwa amesikia yote."