Kengele Upande wa Maji

Siku ile bado naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho, mwanangu. Nimesikia wewe na wenzako wa chuo pale Nyegezi mnataka kutembea kwa miguu kando ya ziwa, mfuate njia za wavuvi na kupiga picha za ndege. Sikukatazi. Ziwa letu ni zuri, na miguu ni yako. Ila keti kwanza nikueleze jambo ambalo mama yako hapendi kulisimulia.

Mimi na mama yako Kabula, mdogo wangu, tulikuwa wasichana wakati huo. Tulishuka na shangazi yetu kutoka upande wa Kisesa hadi ufukweni kukata mafunjo ya kusukia mikeka. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwenye kengele shingoni, nami nilimfunga mwenyewe kwenye mti palepale ufukweni. Kisha tukaingia. Kijia tulikijua, kilikuwa kimekanyagwa na wakataji wengi. Humo ndani mafunjo yanakupita kimo, huoni ufuko wala maji, unaona kipande cha mbingu tu, na siku hiyo jua nalo lilikuwa limejificha mawinguni. Chini palibonyea kidogo tukikanyaga, lakini ndivyo palivyokuwa siku zote.

Shangazi alitufundisha tangu utotoni kwamba ukiwa kwenye mafunjo, sauti ikikuita jina kutoka upande wa maji, usiitike. Hakutuambia ni sauti ya nani, na sisi hatukuwa na hamu ya kujua.

Nikawa nakata, huku nasikia kengele mgongoni kwangu, kule ufukweni. Baadaye nikaisikia mkono wa kulia. Nikajiambia ng'ombe amejisogeza. Halafu ikalia mbele yangu, mahali ambapo nilijua ni maji matupu hadi Ukerewe. Nywele zilinisimama. Hata hivyo nilinyamaza, maana shangazi alikuwa na ulimi mkali, na jana yake tu alikuwa amenicheka mbele ya watu kwa kuunguza maharage.

Nilipoona siwezi kuvumilia nikasema, "Shangazi, ng'ombe amekata kamba. Yuko majini."

Akasimama na mundu mkononi, akasikiliza. Kengele ililia taratibu, ya ng'ombe aliyetulia anacheua.

"Ng'ombe hajahama," akasema kwa sauti ndogo. "Tumehama sisi."

Kipande kizima cha mafunjo tulichosimama juu yake kilikuwa kimekatika na kuchukuliwa na upepo, pamoja na kijia chake, kikielea na kujizungusha polepole bila sisi kuhisi lolote. Tulirudi mbio hadi tulipoingilia. Kijia kiliishia kwenye ziwa, na mbele yetu hapakuwa na ufuko, wala mti, wala mtu. Sijawahi kuogopa maji yaliyotulia kama nilivyoyaogopa yale.

"Umeanza lini kuisikia ikihama?" shangazi aliniuliza.

"Muda mrefu."

"Na ukanyamaza?"

Ningesema mara ya kwanza, tungevuka maji ya magotini tukaenda zetu.

Mama yako hatukuwa naye. Alikuwa ametangulia kutafuta mafunjo marefu. Tulimwita, kimya. Tukamwita tena, kimya. Ndipo shangazi akaelewa, nami nikaelewa. Kabula hakujua kwamba tunaelea. Alikuwa anaifuata kengele akidhani anarudi ufukweni, na sisi tuliokuwa nyuma yake tulimfikia kama sauti zinazotoka majini. Alikuwa anatii alivyofundishwa, mwanangu, na utii ule ulikuwa unampeleka ukingoni.

Shangazi akanishika bega. "Usimtaje jina tena," akasema. "Asikie ya nyumbani, ajue ni sisi." Kisha akaanza kunigombeza kwa sauti ya juu. Akanisema kwa maharage, kwa sufuria iliyoungua, kwa uvivu wangu wa kuchota maji, akaniuliza nitaolewa na nani. Aligomba huku machozi yanamtoka.

Mara mafunjo yakasema, "Na sufuria yenyewe nimeisugua mimi, shangazi."

Kabula alitokea gauni limelowa hadi kiunoni. Alikuwa ameshadidimia ukingoni akajivuta. Shangazi alimkumbatia. Kabula akauliza, "Na yule mwanaume aliyekuwa ananiita jina ni nani?"

Baadaye mtumbwi wa wavuvi ulitufikia. Shangazi akawauliza kama wao ndio walioita.

"Shikamoo, mama. Hatujaita mtu," alisema mmoja. "Tumesikia mtu anagombea maharage katikati ya ziwa, tukaona tuje."

Shangazi akatupandisha mtumbwini, wakatuvusha. Ufukweni tulimkuta ng'ombe amelala chini ya mti, kamba ni ileile, fundo ni lilelile nililofunga.

Basi nisikilize. Huko mnakokwenda simu itawaonyesha mko katikati ya maji, nanyi mtacheka mseme ramani imekosea. Msicheke. Kitu mlichokiacha mahali pake kikionekana kimehama, jiulizeni kwanza ninyi mmesimama wapi. Na atakayehisi jambo haliko sawa aseme hapohapo, hata akichekwa. Kuchekwa kunapita.

Wewe hulalamika kwamba mama yako ukimwita chumbani haitiki, mpaka uende akuone uso. Mnasema masikio yameanza kuchoka. Masikio yake ni mazima kabisa, mwanangu. Anasubiri ajue ni nani.

Mungu awatangulie. Ardhi mtakayoikanyaga ikae mahali pake, na mkiitwa, muitwe na watu wenu. Sasa nenda ukamuage mama yako, na umsogelee karibu kabla ya kumwita.