Fisi Asiyekufa

Niliiba kwenye dadu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelikana jambo hili, kwanza kwa kiapo na, baada ya kupata shahada, kwa hoja. Nimelikana hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwa ameuliza. Juzi watoto wa jirani hapa Mandewa walipoteza kikopo cha kuchezea ludo, nikawaazima kikombe cha bati. Dadu ilipogonga ndani yake, masikio yangu yakapata moto.

Kwetu Misigiri, uwele ulipoanza kukomaa, nilipandishwa kwenye dungu, kichanja cha miti katikati ya shamba, niamie ndege wasiule, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Nilikuwa kitinda mimba. Wakubwa zangu walishaondoka nyumbani. Nilipiga debe, nikarusha udongo kwa kombeo, mwishowe nikawa nazungumza na ndege. Mwajuma wa nyumba ya pili hakuwa na sababu ya kuja, kwao walishavuna. Alikuja kwa ajili ya mchezo.

Kaka yangu ndiye aliyeuleta kutoka chuoni. Mmoja anasimulia hadithi, mwenzake anakuwa mtu ndani yake, na wakikutana na adui dadu inaamua. Kila upande una alama ishirini za uhai. Namba uliyorusha inapunguza za mwenzako, isipokuwa moja, hapo umekosa. Mtu wa Mwajuma alikuwa nesi mwenye mkuki. Mimi msimulizi nilikuwa fisi mwenye vichwa viwili. Nilirusha dadu ndani ya kikombe, nikakifunika kwa kiganja, na hesabu za fisi niliziandika kwenye daftari ambalo Mwajuma hakuruhusiwa kulitazama.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Nesi alibakiwa na alama nne. Mwajuma aliipulizia dadu kila mara kabla ya kurusha, na ndege wakala uwele wa baba bila bughudha. Kisha nikachungulia kikombe: sita. Nesi amekufa, mchezo umekwisha, na Mwajuma hana tena la kumleta. Nikalitazama shamba lote lile.

"Moja," nikasema. "Fisi amekosa."

Tangu hapo fisi alikosa kila mara. Wala hakufa: Mwajuma alirusha sita, akarusha tano, mimi nikaandika nilichotaka.

"Huyo fisi wako anakula nini?" aliuliza siku ya nne.

"Ana ngozi nene."

"Unaiba, wewe."

"Haki ya Mungu, siibi."

Siku ya tano hakuja. Nikajirushia mwenyewe, mara nesi, mara fisi, mpaka nikachoka. Hakuja tena hadi tulipovuna, na miaka yote nikaamini kwamba wizi ndio uliomkasirisha.

Jana nilimpigia Mwajuma simu huko Nduguti, anakouza dawa za mifugo. Tulisalimiana sana, kisha nikakiri. Akacheka.

"Mama Neema, nilijua. Lakini sikuondoka kwa sababu ya wizi."

"Sasa kwa nini?"

"Nikirusha sita, fisi hafi. Nikirusha moja, nikakosa, bado mimi sifi. Nije kufanya nini?"

Nikamwambia niliogopa kwamba nesi akifa, yeye asingerudi.

"Si ungemuua tu," alisema. "Ningetengeneza mtu mwingine, na kesho yake ungenikuta nimekutangulia dunguni."