Sirad Aomba Mkalimani wa Kiswahili

Mficha uchi hazai, wanasema. Sirad alikuwa ameshazaa, na bado akaficha.

Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, akakulia humo hadi Kiswahili kikamkaa mdomoni kuliko Kisomali cha nyanya yake. Akaishi Uholanzi miaka tisa, kisha Birmingham, Uingereza, kwenye ghorofa la mtaa wa Ladywood. Kule kiwandani alikopakia sandwichi, hakuna msimamizi aliyewahi kumtisha. Lakini Dalmar, mwanawe wa wiki nne, alikuwa amemtia woga asioujua.

Maziwa yalikuwa yamemkauka. Yalitoka matone tu. Na Ladan, mama mkwe wake, alikuwa ameshatangaza kwamba wanawake wa ukoo wao hawajui maziwa ya kopo, basi kopo halikuingia nyumbani. Sirad alimpa mtoto maji ya sukari, mlango wa jikoni umefungwa, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ananyonya vizuri. Mara mbili muuguzi wa watoto aliomba kwa barua kuja kumpima mtoto. Mara mbili akasingizia mafua. Alikuwa amesikia dukani mtaa wa Balsall Heath kwamba mtoto akikonda, serikali humchukua. Msemaji hakumtaja mwenye mtoto, wala Sirad hakuuliza. Mtu akiogopa hadai ushahidi.

Leo barua ya tatu ilimfikisha kliniki. Muuguzi, Parveen, alimvua Dalmar nguo zote, hata nepi, akamlaza kwenye mizani. Kilo tatu na gramu mia moja. Alizaliwa na kilo tatu na nusu! Parveen akatia nukta kwenye grafu ya uzito katika kitabu chekundu cha mtoto, kisha akasema atapiga simu apate mkalimani wa Kisomali.

"No, no! Swahili," Sirad alidakia. Wakalimani wa Kisomali wa mji huu aliwajua. Mmoja wao alikuwa binamu ya Ladan. Akajiona mjanja kweli, mpaka simu ilipotoa sauti nzito ya kiume, yenye Kiswahili cha Kongo.

"Bonjour mama. Mi niko Évariste. Kila kitu utasema, nitakitafsiri vile vile."

Mwanamume! Na mambo ya matiti hata kwa mumewe alikuwa hajayatamka. Kwenye mizani Dalmar alilia, kilio chembamba, kisha akanyamaza kabla hajabembelezwa. Kunyamaza kule ndiko kulikomshinda.

"Maziwa iliisha," alisema, macho sakafuni. "Kama wiki mbili hivi. Nampatia maji na sukari. Niliwadanganya wote."

Évariste alitafsiri bila kupunguza wala kuongeza. Parveen akainua simu nyingine, akazungumza upesi upesi, na Sirad akadaka neno moja tu, hospitali.

"Muulize kama watanichukulia mtoto. Muulize sasa hivi!"

Évariste akauliza. Parveen alimfunika Dalmar, akamweka mikononi mwa mamake, ndipo akasema.

"Anasema unaenda naye pamoja, mama," Évariste alieleza. "Hakuna mwenye kumubeba mbali na we. Lakini muende sasa, musipite nyumbani. Mtoto iko na njaa sana."

Sirad alimkumbatia mwanawe. Wiki mbili nzima, kila alipomwona mwepesi, alikuwa akijiambia kwamba ni mikono yake iliyopata nguvu tangu azae. Sasa aliusikia ule wepesi, akaogopa kilichostahili kuogopwa.