Kanda ya Kumnasa Mwizi wa Sufuria

Juzi nilipita kwa dada yangu huko Tetu nikakuta watoto wake wameanika betri za redio juu ya bati la banda la kuku. Jua lilikuwa limezipasha, na ile harufu yake ya chuma na chumvi, kama kulamba kijiko chenye kutu, ilinifikia kabla sijabisha hodi. Watoto walidhani nimesimama kuwasifu. Nilikuwa nimesimama kwa sababu harufu hiyo ilinirudisha utotoni. Kisa hiki nimekiandika mara tisa nikakichana mara tisa. Sikufundishwa na mtu kuandika. Nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa nyama, na kila sentensi naiogopa. Hii ya kumi naiacha na makosa yake, maana nikizidi kukisafisha kisa, nitajisafisha na mimi.

Tulikaa Kiganjo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtaani televisheni ilikuwa moja tu, ya Sajini, askari mstaafu aliyeiwasha kwa betri ya gari na kuilinda kama mfungwa. Jumamosi jioni tulivua viatu mlangoni, watu wazima wakakalia viti, watoto sakafu. Kipindi kilichopendwa kilikuwa cha upelelezi, cha ng'ambo, chenye Kiingereza cha puani ambacho hakuna aliyekielewa, Sajini akiwemo. Hilo halikumzuia kutufasiria.

Jumamosi hiyo mkufu ulikuwa umeibwa katika jumba kubwa. Mpelelezi aliwakusanya wageni saba sebuleni, akapiga santuri moja baada ya nyingine bila kusema neno, akiwatazama usoni. Santuri ya nne ilipoanza, mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akaangua kilio.

"Ndio huyo!" Sajini akapiga paja. "Mtu akilia na hajachapwa, huyo ako na kitu. Mimi nimeshika watu miaka ishirini."

Kisha akainuka, akaizima televisheni ili betri ibaki na nguvu ya taarifa ya habari. Hakuna aliyeguna. Watu zaidi ya ishirini tulivaa viatu vyetu tumeridhika, na hadithi haijaisha. Mpaka leo sijui iliishaje. Namdharau Sajini, lakini yeye alikuwa mjinga wa kawaida, wa aina inayopatikana kila mtaa. Mjinga wa kupindukia nilikuwa mimi, niliyefika nyumbani nikaandika daftarini: nyimbo saba, wa nne ndio mtego.

Nilikuwa na sababu. Chama cha akina mama wa mtaani kilikuwa na sufuria moja kubwa, ya kupikia watu wa harusi na matanga, na kwa zamu hiyo ilikuwa inawekwa kwetu. Ikapotea. Mama alitafuta mpaka ndani ya zizi. Kwenye mkutano wao wa Alhamisi, Mama Wairimu, mwenyekiti, mwanamke aliyekunywa chai kwa sauti kama ng'ombe mtoni, alimwambia mbele ya wote, "Mama Wangeci, sufuria haina miguu." Mama alicheka kidogo, kisha akaenda jikoni akasimama akiutazama ukuta. Wangeci ni mimi. Niliapa kwamba mkutano ujao mwizi atajitoa mwenyewe.

Baba alikuwa na redio kaseti, na kanda moja kuukuu ya mahubiri. Nilifunika matundu yake ya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili ikubali kurekodi, nikamfuta mhubiri bila majuto. Kila alasiri nilikaa na kidole juu ya kitufe, nikisubiri kipindi cha salamu. Watu walituma kadi, mtangazaji akasoma majina marefu ya binamu na mashemeji, na wimbo ukianza ilibidi nibonyeze papo hapo, kabla hajarudi kuuharibu kwa kicheko chake. Nikichelewa hata pumzi moja, nilifuta nikasubiri kesho yake. Kanda niliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili betri zisife, na zikichoka nilizianika.

Wa kwanza ulikuwa wa gitaa la Kikuyu, wa mwanamume anayelalamika kuhusu mke wake, wa kumlegeza mwizi. Wa pili rumba ya Kizaire, asahau. Wa tatu kwaya, dhamiri imchome. Kwaya nilizidharau, lakini nilijua dhamiri za Kiganjo zinakaa huko. Wa nne nilihangaika nao kuliko yote. Nilitaka kitu kigeni na chenye huzuni, na mwishowe nikapata benga kutoka ziwani, gitaa jembamba likikimbia na sauti ya mwanamume ikilifuata kama anayeita mtu aliyeshapita. Sikuelewa hata neno. Niliona huo ndio ubora wake. Zilizobaki tatu ziliwekwa tu ili zitimie saba.

Alhamisi ya mkutano nilipeleka chai, nikawasha redio kwenye kabati, nikasimama karibu na mlango kama mpelelezi wangu. Wimbo wa kwanza, walizungumza mbegu za viazi. Wa pili, Mama Wairimu alitikisa mabega. Wa tatu waliimba pamoja na kwaya, wote, bila dhamiri hata moja kuchomeka.

Wa nne ulipoanza, Mama Achieng akaweka kikombe chini. Alikuwa mke wa koplo, mgeni pekee katika chama, mtu wa pande za Kisumu, huko ziwani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, jambo ambalo hawakumsamehe. Alishika leso yake kwa mikono miwili, akajifunika uso, akalia. Hakulia kidogo. Alilia mpaka kiti kikatikisika.

Nilizima redio. Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Ni yeye."

Wangeweza kunichapa, na ningestahili. Lakini nusu yao walikuwa vitini kwa Sajini Jumamosi ile.

"Si mliona hata kwa televisheni?" Mama Wairimu akasema. "Ni vile vile tu. Wimbo ya nne!"

"Mnasema nini?" Mama Achieng akauliza, macho yamevimba.

"Sema tu penye iko, dada. Hatutaita mtu."

"Nini iko wapi?"

"Ati nini! Sufuria."

Alitutazama mmoja mmoja, akamaliza kwangu. Akajifunga leso vizuri, akachukua mwavuli wake, akatoka. Kuondoka huko nako kukahesabiwa ushahidi. Nilimtazama mama yangu, na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu sufuria ipotee, nami nikafurahi. Naomba mlisome hilo polepole: nilifurahi.

Sufuria ilirudi baada ya wiki tatu, juu ya lori la kabichi kutoka Endarasha. Mama Wairimu mwenyewe ndiye aliyemtuma shemeji yake kuichukua kwetu, Mama akiwa shambani, iende ikapike harusi ya dada yake. Alikuwa amesahau. "Kumbe!" alisema, na wakacheka, Mama pia. Mama akaisugua kwa majivu. Hakuna aliyekwenda kwa Mama Achieng. Chama cha wanawake wanane waliosali kabla ya kila chai kilikunywa chai.

Siku ambayo koplo alihamishwa, Mama Achieng alikuja mlangoni kwetu. Nilikuwa peke yangu. Nilidhani amekuja kunipiga.

"Wangeci, mtoto wangu," alisema. "Ile kanda, wimbo wa nne. Hebu uniwekee niusikie mara moja tu. Gari inangoja."

Redio ilikuwa nyuma yangu, kanda imo ndani. Kumwekea kungekuwa kukiri, na sikuwa mtoto wa kukiri kosa.

"Nilishaifuta," nikasema.

"Haidhuru. Mama yangu aliupenda sana huo. Walimzika wiki mbili kabla ya siku ile, na mimi hapa. Nauli haikupatikana." Alinishika kichwa kama kuniombea, akaenda.

Kwa miaka niliamini kwamba lililoniuma ni kumsingizia. Hapana. Watoto husingizia, na watu wazima wa mtaa wetu walisingizia kwa moyo mweupe zaidi. Nimelielewa jingine nikiwa mtu mzima, na silipendi: kwangu, wakati huo, kukosea kulikuwa kubaya kuliko kuumiza. Maana gari lao lilipokwisha kupita nilikaa chini mbele ya redio nikiwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba nimesema uongo. Basi nikarudisha kanda hadi wimbo wa nne, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikakaa kimya mpaka ukafutika wote, ili nisiwe mwongo.